Fomu Iliyobaki Kwenye Droo

Kiwandani kwetu Bunda, tunakochambua pamba, nikiingia kantini watu walikuwa wananyamaza. Mimi Skolastika ndiye niliyekuwa afisa usalama, mtu wa fomu. Ajali ndogo fomu ya kijani, ajali kubwa nyekundu, na tukio lililobaki kidogo tu liumize mtu, sisi tunaliita nusura, fomu ya njano. Fomu ikifika ofisini, mtu anasimamishwa. Sasa nani atakula na mimi? Miaka minne nilikuwaga nakula peke yangu, nimegeukia ukuta, najifanya nasoma simu.

Kisha akaja Wankyo wa Guta, mwendesha mashine. Siku ya kwanza alivuta kiti, akanimegea kiazi chake. "Dada Skola, hata wewe una tumbo," akasema. Basi. Tangu hapo nikawa naisubiri saa ya chakula kama mtoto wa shule.

Mwezi wa saba mkulima mmoja akatuletea pamba aliyoimwagia maji ili izidi uzito kwenye mizani. Ikanasa kwenye misumeno ya mashine. Sheria inasema zima kwanza, lakini swichi iko mlangoni, hatua thelathini, na ukizima, foleni ya malori inafika barabarani na msimamizi anafoka. Wankyo akaingiza mkono. Msumeno ukashika ovaroli yake, ukaichana hadi kwenye kiwiko. Yeye hakupata hata mkwaruzo.

Nilikuwa nimesimama palepale. Nikatoa fomu ya njano, nikaandika yote, hadi umbali wa swichi. Wankyo akanishika bega.

"Dada, usinimalize. Watanisimamisha msimu mzima. Si unaona sijaumia?"

Nitasema ukweli: sikumwonea huruma yeye. Nilijionea huruma mimi. Niliufikiria ule ukuta wa kantini. Nikaitia fomu kwenye droo, nikafunga.

Wiki tatu baadaye pamba ya namna ileile ikanasa tena. Safari hii mashine ilichukua vidole vinne vya mkono wa kulia wa Wankyo.

Alipotoka hospitali nilimfuata kwao Guta. Alikuwa amekaa nje kwenye mkeka, akaninyooshea mkono wa kushoto. "Unisamehe, dada, kukusalimia hivi," akasema. Yeye ndiye aliyeomba msamaha.

Fomu nyekundu ina swali: je, kulikuwa na dalili ya awali? Meneja alishaniambia, "Andika hapana, Skola. Andika uzembe wa mfanyakazi, tumalize." Ikiandikwa uzembe, Wankyo anaondoka mikono mitupu, bila fidia. Nikaandika ndiyo. Nikaandika tarehe, hatua thelathini, na jina la aliyeificha taarifa, ambalo ni langu. Ile ya njano nikaibana nyuma yake.

Wakanifukuza. Niko kwetu Butiama, nalima mihogo, na siku nzima inaweza kupita sijasema neno na mtu. Nasikia swichi wameihamishia kando ya mashine.

Juzi Wankyo alipiga simu. Nilifurahi, nikatupa jembe, nikapokea.

"Ile fomu ya njano ilikuwa kwenye droo siku zote?" akauliza.

"Ndiyo, Wankyo. Wewe mwenyewe uliniomba."

"Niliomba, ndiyo. Lakini afisa ulikuwa wewe, dada."

Akakata. Hajapiga tena.