Mstari Uliokunjwa

Mtunza kumbukumbu wa idara ya maji, ambaye wenzake walimwita Bibi Makaratasi, alikuwa amepiga kelele mwaka mzima. Barua pepe za mafundi wa zamani, zilizowekwa mtandaoni, zilikuwa na amri ndefu za kompyuta, na ukurasa ulizikata kila zilipofika ukingoni na kuangusha kilichobaki kwenye mstari wa chini.

"Mstari wa fundi haukunjwi kama shuka," alimwambia bosi. "Uacheni uende, msomaji atausogeza pembeni mwenyewe."

"Mama, ukurasa utakuwa na sura mbaya."

Ilikuwa kama kumpigia mbuzi gitaa.

Asubuhi moja mdogo wake, fundi wa kituo cha pampu, alimpigia simu. "Dada, nimenakili kutoka mtandaoni ile amri ya marehemu fundi mkuu wa zamani, mstari kwa mstari, kama tulivyofundishwa. Pampu zote zimezimika! Kuziwasha upya ni kazi ya saa tatu nzima."

Bibi Makaratasi alifungua ukurasa. Mstari wa juu ulisema: zima pampu zote. Kipande kilichoangukia chini kilisema: isipokuwa ya hospitali.

"Hukusoma cha chini?"

"Nilikisoma, dada. Nilidhani ni amri nyingine."

Hakuwa na ruhusa ya kugusa hata nukta ya ukurasa ule. Alimtafuta bosi kwa simu ya mezani, akaambiwa yuko kikaoni.

"Dada, hospitali wanapiga. Niwaambie nini?"

Bibi Makaratasi alibaki kuukodolea macho ukurasa. Kweli ulikuwa mzuri, kingo zimenyooka kama umepigwa pasi.