Wiski za Mgoa na Mtungi wa Mama Mkwe

Vita vya Maji Maji vilipoanza nilikuwa mgema kijana katika kijiji kimoja cha delta ya Rufiji, kule ambako mto unagawanyika kuwa vijito vingi kabla ya kuingia baharini. Nilikuwa nimeoa si zamani. Mke wangu alikuwa mtu wa swala tano, na tembo nililoligema hakuligusa hata kwa kidole. Siku ya kwanza tu aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba kibuyu cha tembo kinalala nje, na mimi nikipenda naweza kulala nacho. Mama yake alikaa nasi. Yeye pia aliswali, lakini magoti yalimsumbua, na kwa ajili ya magoti alijipa ruhusa zake mwenyewe.

Wiski niliijua kwa sababu ya vita hivyo. Asubuhi moja nilikuwa juu ya mnazi nikaona mtumbwi mkubwa unaegeshwa. Ndani yake alikuwa mfanyabiashara mmoja Mgoa, mtu wa Goa kule Uhindi, aliyekuwa akipeleka vinywaji kwa maofisa wa Kijerumani bomani. Watu wetu pale ufukweni wakawapasha wapiga kasia habari kwamba watu wa milimani wameinuka, pamba imeng'olewa mashambani, na huko juu hakupitiki. Wapiga kasia hawakubishana. Walishusha masanduku manne kwenye tope, wakamwomba bwana wao radhi, wakageuza mtumbwi. Mgoa akabaki amesimama peke yake, viatu mkononi, kofia kichwani.

"Bwana," nikamwita kutoka juu, "chakula unacho?"

"Sina! Nina wiski!"

"Inashibisha?"

Akafikiri kidogo. "Inasahaulisha njaa."

Nikashuka nikamchukua nyumbani. Tulimpa dungu letu la shambani, kibanda cha juu ya miti tulimozoea kulindia mpunga dhidi ya nguruwe. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, kwa hiyo dungu lilikuwa tupu. Mke wangu alimpakulia wali na perege wa kukaanga, akala mpaka akalegeza mkanda. Kisha akasema hataki kula bure. Atalipa kwa chupa.

Mama mkwe akacheka. "Nitajuaje kama kitu chako kina thamani ya wali wangu? Mkwe wangu hapa kazi yake ni kuonja. Aonje, aseme, ndipo tupatane."

Basi tukakaa barazani, Mgoa, mama mkwe na mimi. Mke wangu alikaa mbali akichambua mchele, lakini sikio lake lilikuwa kwetu.

Ya kwanza ilikuwa kwenye gudulia dogo la udongo. Mgoa alisema imetoka Ayalandi na imepikwa kwa shayiri. Alinimiminia kidogo kwenye kifuu cha nazi. Ilipita kooni kwa adabu, kama mgeni anayebisha hodi na kungoja akaribishwe. Nilisikia asali kwa mbali, na kitu kama harufu ya wali wa mchele mpya sufuria inapofunuliwa. Nikasema hii ni sawa na ungo wa mchele na samaki wakavu juu yake. Mgoa akakubali kwa kichwa.

Ya pili ilikuwa kwenye chupa ya kijani, kutoka Uskoti. Aliishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Nilipoimeza nilidhani nimemeza jiko zima. Ilikuwa moshi mtupu, moshi wa kuni za mkoko chini ya chanja ya samaki, na nyuma yake mwani na chumvi. Machozi yakanitoka.

"Kule," Mgoa akaeleza kwa fahari, "shayiri huikausha kwa kuchoma udongo mweusi wa mabondeni. Hii ndiyo ghali kuliko zote. Ofisa mkuu ameingojea tangu masika. Utanipa nini?"

"Kisamvu," nikasema.

Akashika kifua. "Kisamvu? Kwa hii?"

"Nitatia na nazi."

Mke wangu kule alikokaa akaficha uso kwa upande wa kanga, mabega yakicheka. Lakini ni haki niseme kwamba baadaye niliionja tena pamoja na samaki mkavu, polepole, na ule moshi ukakaa mahali pake. Mpaka leo, katika vyote nilivyowahi kuweka kinywani, ndiyo ladha ninayoikumbuka waziwazi zaidi. Siku ile tu sikuwa tayari kwa ajili yake.

Iliyofuata ilitoka Amerika, chupa yake imevikwa kikapu cha majani. Ilikuwa ya mahindi. Mama mkwe aliposikia mahindi akanyoosha mkono. "Mahindi nayajua, lete." Akaonja, akafumba macho. Ilikuwa tamu, ladha yake kama sukari guru iliyoshika chini ya sufuria, tena ikiacha joto kifuani muda mrefu. Akataja bei, jogoo, bila hata kuniuliza mimi mwonjaji.

Ya mwisho ilikuwa chupa nyembamba isiyo na nakshi. Ilinipiga kichwani kama tembo lililosahauliwa juani, kali, chungu, na utamu fulani wa uongo mwishoni. Nikaipenda! Nikatangaza kwamba hii ndiyo bora. Mgoa alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Hiyo tunawauzia makarani. Rangi yake ni sukari iliyoungua tu." Niliitetea mpaka jioni, naye hakukubali hata kidogo. Mama mkwe alimaliza ubishi kwa kujipaka wiski hiyo magotini. Kesho yake aliamka mwenyewe bila kushikwa mkono, akampelekea Mgoa kuku mzima aliyeungwa nazi.

Hivyo ndivyo tulivyoishi siku kadhaa, tukila naye na kubishana naye, mpaka watu wa vita walipofika.

Walikuja mchana, vijana wengi wenye mikuki na magobori machache, mabua ya mtama yamefungwa vichwani. Mgoa alikimbilia jikoni akajikunyata nyuma ya rundo la kuni. Kiongozi wao, mtu mzima mwenye sauti ya chini, alitusalimu vizuri kisha akayaangalia masanduku.

"Bunduki?"

"Wiski," nikasema. "Ni za mgeni wetu. Si Mjerumani, ni Mgoa, mfanyabiashara. Anakula kwetu."

Alizibua chupa moja akainusa, akakunja uso. "Sisi tumekwisha kunywa maji yetu ya dawa, ya kuzuia risasi. Hayo hayachanganywi na kitu." Lakini chupa hakuirudisha. Aliigeuzageuza juani. "Ila vyombo hivi tunavitaka. Dawa tunaibeba kwenye vibuyu, vinapasuka njiani. Mwageni, mtupe chupa."

"Kumwaga riziki ya mgeni nyumbani kwangu?" akasema mama mkwe. "Ngojeni." Akauburuta mtungi wake mkubwa wa maji, akaumwaga, akauweka katikati ya ua.

Tukaanza kumimina. Nilimimina ya Ayalandi, nikafuatisha ya makarani. Nilipoiinua ile ya kijani, mlango wa jikoni ukafunguka kwa kishindo.

"Hapana! Usiichanganye na hiyo!"

Mgoa alikuwa amesimama mbele ya mikuki yote ile, majivu usoni, mikono juu, amesahau kabisa kwamba alikuwa amejificha. Mikuki ikamgeukia. Kisha kijana mmoja akaanza kucheka, wenzake wakafuata, na mwisho hata kiongozi akageuka pembeni ili asionekane.

"Mwacheni," akasema. "Huyu anapigania maji yake."

Mtungi ukajaa, tukatumia sufuria, tukatumia vibuyu vyangu vya kugemea. Mgoa aliketi chini akitazama kila chupa ikikata roho. Yule kijana aliyeanza kucheka, rika langu hasa, aliinama akanusa mtungi. "Nikirudi nitaonja," akaniambia. Walichukua chupa, wakatuachia mfuko wa chumvi, wakaondoka. Kijana yule sikumwona tena. Habari zilizotufikia baadaye zilikuwa kwamba wengi wao waliuawa kwa bunduki za boma, na nilipozisikia sikupanda mnazi siku hiyo.

Mchanganyiko ule Mgoa alikataa kuuonja mpaka usiku ulipokaribia. Mwisho akachota kifuu. Akatafuna midomo. "Ni haramu," akasema, "si kwa dini yenu tu." Akachota tena. Mimi niliona umekuwa kama harusi ambayo koo zote zimealikwa. Kuna anayepiga kelele, kuna anayelia, lakini hakuna anayetaka kuondoka.

Haukupita muda tukasikia askari wa Mjerumani wanakuja. Kijiji cha jirani kilikuwa kimekwisha kuchomwa pamoja na maghala yake, moshi tuliuona. Waliingia kwetu na vijinga vya moto mkononi. Ofisa wao alimwona Mgoa na masanduku matupu.

"Mzigo wangu uko wapi? Hawa wamewapa waasi?"

Mgoa alisimama wima. "Bwana, waasi walichukua chupa kwa nguvu. Wiski imeokolewa na watu hawa. Na mimi pia wameniokoa. Nimekula katika nyumba hii tangu nilipokwama. Ukiwachomea chakula, unachoma chakula changu."

Akamchotea. Ofisa akanywa. Akalamba midomo, sisi tukitazama vile vijinga.

"Hii ni wiski gani?"

"Zote, Bwana."

Ofisa akatoa sauti ambayo sikujua ni kikohozi au kicheko. Akanywa tena, akawaambia askari wazime moto na wabebe mtungi. Sikumpenda kwa hilo. Nilikuwa nimeuona moshi wa majirani. Lakini maghala yetu yalibaki, na mama mkwe alimdai ofisa mtungi wake mbele ya askari wote mpaka Mgoa akamvuta kando.

Wiki zilizofuata watu wa kijiji kilichochomwa walikuja, kisha familia kutoka milimani, wamekonda, watoto mgongoni. Mke wangu alifungua ghala. Mgoa alikataa kupanda mashua ya kwanza iliyopita. Alibaki akitwanga mpunga pamoja na wanawake, vibaya sana, wakimcheka kutwa. Alipoondoka na mashua ya pili, mama mkwe alimfungia mkate wa kumimina kwenye majani ya mgomba, naye akalia waziwazi.

Familia moja ya milimani haikurudi kwao. Walijenga ng'ambo ya kijito, wakalima nasi, na baada ya miaka mingi binti yao aliolewa na mwanangu wa kwanza. Siku ya harusi tulipika wali mpaka masufuria ya kuazima yakaisha, na watu walicheza uani mpaka jua likachomoza.