Siku Jua Liliponyamazisha Redio za Masasi

Nilikuwa fundi redio Masasi, jirani na stendi, na nasema bila haya: niliwadharau wateja wangu wote. Miaka ya ruksa ilipoingia, bidhaa za nje zikafunguliwa, kila aliyeuza korosho alirudi nyumbani na redio. Si zile za zamani zenye boksi la mbao na heshima zake. Yalikuja makopo ya plastiki yenye vitaa vya rangi na maandishi ya uongo kwamba yana bendi kumi. Mtu anaifunika kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, ikikoroma anaipiga kofi, kofi likishindwa anakuja kwangu. "Fundi, imegoma tu." Imegoma! Kwani ina chama cha wafanyakazi?

Niliyemdharau kupita wote alikuwa mama mmoja mtu mzima wa Chiwata. Ukoo wake na wetu ni watani, kwa hiyo ruhusa ya kumtania nilikuwa nayo. Alikuwa haizimi redio yake. Kisimani yupo nayo, sokoni yupo nayo, ameifunga mgongoni kwa kanga kama mtoto. Mwanawe wa mwisho alikuwa amelazwa Dar es Salaam, na msimu ule mama alihamia kibanda cha shambani peke yake, anaokota korosho. Mwanawe akizidiwa, habari ingetangazwa redioni, na kwetu sisi redio ilishika masafa mafupi tu. Nilijua yote hayo, na bado nilimwita mke wa redio mbele za watu. Alicheka. Mtani hakasirikiwi.

Siku moja ya soko, saa nne asubuhi, redio zote zikanyamaza. Ya muuza chai, ya kinyozi, zangu nne za mezani, zote zinavuma sss kama maharage yanayochemka. Yule mama akaja mbio, jasho linamtoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mtani. Angalia, imekata."

Nikachukua bisibisi. Palikuwa na mwalimu wa fizikia wa sekondari, kijana wa mitumba mitupu, koti la baridi kwenye jua la Masasi. Akasema, "Fundi, usiifungue. Zote zimekufa dakika moja. Huenda ni jua."

"Jua?"

Bila kuomba ruhusa akachukua sumaku mbili za spika mbovu, akazifunika karatasi, akanyunyiza chenga za chuma zilizodondoka kwenye tupa yangu. Chenga zikajipanga mistari, imepinda kutoka ncha hadi ncha. Akasema kwamba huko juu ya uso wa jua, kwenye lile taji jembamba la moto ambalo macho huliona jua likipatwa, kuna mistari ya usumaku kama hii. Imetoka chini, imepinda, imerudi chini. Jua halitulii, linaisokota mwaka hadi mwaka. Sasa ikisukumwa pamoja mistari miwili inayoelekea kinyume, inakatika, na kila kipande kinaungana na kipande cha mwenzake. Akasogeza sumaku moja, na kweli, alipogonga karatasi, chenga zilizokuwa za huku zikaelekea kule. Nguvu yote iliyosokotwa inafyatuka, alisema, mionzi inafika huku kwa dakika nane, inavuruga anga la juu ambalo ndilo linaturudishia masafa mafupi. Redio zinakufa kama saa moja hivi, kisha zinafufuka zenyewe.

"Kwa hiyo," nikamwambia, "mistari ya jua imepeana talaka na kuoana upya, ndiyo redio za Masasi zikafa?"

Watu walicheka mpaka muuza chai akamwaga chai. Mwalimu akakunja karatasi yake polepole, akazirudisha chenga kwenye kopo. Nilijiona mwanamume kweli.

Mama peke yake hakucheka. "Mtani, anasema tungoje. Nipe hivyohivyo ilivyo, nikae nayo."

"Ukae nayo ya nini? Maiti haisemi, mama. Njoo keshokutwa."

Nikaifungua. Gari la Chiwata lilikuwa moja tu, likapiga honi, mama akapanda mikono mitupu. Halijamaliza kona, redio ya muuza chai ikaanza kuimba. Zikafuata zangu. Ya mama nayo ingeimba, ila bisibisi yangu ilikuwa imeshakata uzi wa koili, mwembamba kuliko unywele. Redio iliyokuwa nzima niliiua mimi. Nikafunga duka mapema, nikaenda zangu nyumbani, ambako sikuwa na redio. Nilikuwa nimezichoka.

Jioni ile ikatangazwa: mama mzazi, Chiwata, aje haraka, mgonjwa amezidiwa. Asubuhi ikarudiwa. Chiwata nzima ilisikia, na hakuna hata mmoja aliyekwenda shambani kumwambia. Aambiwe ya nini? Yule mama na redio yake, si ndiye wa kwanza kusikia? Walidhani yuko njiani tayari.

Keshokutwa akaja, nikampa inaimba. "Ilikuwa na ugonjwa mzito," nikamwambia, "bahati yako umenipata mimi." Mshenzi mkubwa. Akanishukuru, akanibariki. Kwenye gari la kurudi ndipo mtu wa kijijini kwao akashangaa: "He! Kumbe hukwenda?" Siku hiyo hiyo mwanawe akazikwa Dar, mama hajavuka hata Lindi.

Kwenye matanga watani lazima wafike. Kazi yetu ni kuchekesha wafiwa, kumwigiza marehemu, kudai chakula, kuwatukana hadi walie na kucheka kwa pamoja. Nilifika, nikaketi, mdomo wangu mzito kama kinu. Mwalimu alikuwepo na koti lake lilelile. Mama akatoka ndani, redio imezimwa, akaiweka mkekani mbele yangu.

"Mtani, mbona leo kimya? Siku ile ulisema sana. Haya niambie, ilikuwa inaumwa nini?"

Watu wakageuka, wengine wameshaanza kutabasamu, wanangoja utani. Nikamtazama mwalimu. Alikuwa anaangalia chini.

"Haikuwa inaumwa, mama. Lilikuwa jua."

 Mama akaiokota redio, akaanza kuifunga kwenye kanga.

"Basi si ungeniachia, mwanangu," akasema. Tangu siku ile hakuniita mtani tena.