Fundi miguu Mwamvua na wivu wa mikono ya mwanafunzi wake

Saa moja na nusu asubuhi, bati la karakana bado halijapata joto. Mwamvua Daimu ameketi kwenye stuli, gongo lake limeegemea ukuta, anakwangua kalibu ya plasta kwa tupa. Vumbi jeupe limemjaa hadi kwenye nyusi. Karakana hii ndogo ya miguu bandia, kata ya Bombambili mjini Songea, ndiyo inayowalisha yeye na binti yake.

Mzee mmoja anaingia kwa magongo. Ni Beda, mkulima kutoka Hanga, aliyekatwa mguu wa kulia kwa sababu ya kisukari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Yule kijana yupo?"

Tupa inasimama.

"Kijana gani? Fundi ni mimi."

"Wewe nakujua. Namuulizia yule asiyeumiza."

Mzee anajikalia kwenye benchi kumsubiri.

Asiyeumiza ni Valence. Alipokuja hapa miaka sita iliyopita hakujua hata kulowesha bandeji ya plasta. Mwamvua ndiye aliyemfundisha. Leo wateja wanamuulizia yeye kwanza.

"Nina wivu, andika hivyo hivyo," Mwamvua anamwambia mwandishi. "Niliyemshika mkono ndiye amenipita. Wewe ungefurahi?"

Mwamvua, mwenye miaka 41, naye ni mtu wa mguu bandia. Akiwa msichana, aligongwa na nyoka akiokota korosho shambani kwao Tunduru. Alipofikishwa hospitali, mguu wa kushoto ulikuwa umeshaharibika, ukakatwa chini ya goti. Karakana iliyompa mguu wa kwanza ndiko alikoomba kazi ya kufagia, akafagia mpaka akawa fundi. Sasa analipwa shilingi laki nne kwa mwezi.

Mwaka jana mguu wake ulichakaa. Kikombe chake, yaani sehemu ya plastiki inayopokea kigutu cha mguu, kilipasuka. Kutengeneza kikombe huanza kwa kukizungushia kigutu bandeji ya plasta ili kupata umbo lake. Na fundi mwingine hapa ni mmoja tu.

"Nikasema, mimi nimpe Valence mguu wangu? Bora nijifunge mwenyewe."

Akajifunga. Lakini kinyozi hajinyoi. Anayejifunga plasta lazima ainame, na akiinama nyama inahama. Kalibu hutoka na umbo la mtu aliyejikunja, wakati kikombe ni cha mtu anayesimama. Kikamng'ata. Akarudia kwa ukaidi, kikamng'ata tena. Kigutu kikapata kidonda, na daktari akamwambia bila kumung'unya maneno: kikifika mfupani, atakatwa juu ya goti.

"Goti ndilo linalonisimamisha kwenye hii meza," anasema. "Goti likienda, na kazi imekwenda."

Akauweka mguu wa zamani kando, akatembelea gongo miezi mitatu hadi kidonda kikapona. Wiki iliyopita, shingo upande, alikaa kwenye kiti cha wateja na kupandisha dera lake. Valence akapiga magoti mbele yake na ndoo ya maji.

"Legeza, dada."

"Nimelegeza."

"Umekaza kama unataka kunipiga teke."

"Ningekuwa na wa kupigia upande huu, saa hizi ungekuwa sakafuni!"

Wakaangua kicheko wote wawili. Katika kicheko kile nyama ikalegea, na Valence akapitisha bandeji chapuchapu. Ndipo Mwamvua alipokiona kilichokuwa kikimnyima usingizi. Yeye huwaamuru wateja walegeze, Valence huwachekesha.

"Hilo sikumfundisha mimi," anasema. "Roho iliniuma zaidi, maana alikuwa anafanya vizuri, tena kwenye mguu wangu! Kama angeboronga, ningelala vizuri siku ile."

Hakuboronga. Kikombe kilipojaribiwa juzi, Mwamvua alitembea kutoka mlangoni hadi dirishani akitafuta mahali panapouma. Hakupapata. Akarudi mlangoni, akatafuta tena.

Mguu utakamilika Ijumaa. Msimu wa korosho ukianza, anataka kwenda Tunduru kuokota pamoja na mama yake, bila gongo, na goti lake likiwa salama.

"Najua ndugu zangu watauliza nani kautengeneza," anasema, akipuliza vumbi mezani. "Nitamtaja Valence."

Anainua tupa.

"Mara moja tu."