Mpira Uliokawia kwa Dalmas Odero

Dalmas Odero alikuwa jirani yetu pale landhi, nyumba za watu wa reli, Nakuru, mwaka wa hamsini na saba. Mimi nilibeba magunia kwenye stoo ya mizigo. Yeye kazi yake ilikuwa pete.

Reli ilikuwa moja, treni zikija na kwenda. Dereva hakuruhusiwa kuondoka stesheni bila kupewa pete ya chuma yenye kifuko, na ndani kibali cha njia. Ukimpa dereva kibali kisicho chake, treni mbili zitakutana mbele. Kwa hiyo Dalmas alitazama treni, akatazama dereva, akamwuliza stesheni masta tena, ndipo akaiachia. Hakukosea hata siku moja.

Jumamosi tulicheza mpira wa kikapu nyuma ya holi. Uwanja ulikuwa majivu ya injini, na vikapu pete za mapipa. Dalmas ndiye aliyeleta mpira mbele, maana hakuna aliyeweza kumpokonya. Lakini ukifika kwake, ulilala. Aliudunda, akatazama huku, akatazama kule. Sisi tulikimbia mpaka chini ya kikapu, tukangoja, tukasimama kama ng'ombe kwenye foleni ya dipu, wakingoja kuogeshwa dawa. Wapinzani wakarudi wote.

"Odero! Hilo ni yai, unaliatamia?"

Siku moja Kiptanui, yule mrefu wetu, aliketi chini mchezo ukiendelea. "Likianguliwa mniite," akasema.

Hiram, kapteni, akamwambia Dalmas mbele yetu, "Wiki ijayo askari wa kambi ya Lanet wanakuja kucheza nasi. Ukilala na mpira tena, nafasi yako nampa Kimaiyo, yule wa akiba. Wewe utashika ndoo ya maji."

Jioni Dalmas alikuja kwetu. Chai ikapoa mbele yake.

"Kazini nasifiwa kwa kungoja," akasema. "Huko uwanjani natukanwa. Sasa nikimpa mtu ambaye hajawa tayari?"

Naliaka, mke wangu, alikuwa akichambua mboga ya mrenda. Hakuinua kichwa.

"Shemeji, ile treni ambayo haisimamagi hapa, unaipaje pete?"

"Naiinua tu. Fayaman, yule msaidizi wa dereva, anapitisha mkono ndani yake, anaenda nayo."

"Hungoji asimame?"

"Nikingoja, si itapita bila pete!"

"Na utajuaje ni yeye?"

"Nimeshajua kabla hajafika."

"Haya. Kiptanui naye unataka asimame wapi?"

Dalmas alimtazama. Halafu akacheka, akanywa chai ile baridi yote.

Jumamosi askari wakaja na lori lao. Mpira wa kwanza ulipomfikia Dalmas, aliurusha pale pale, mahali pasipo na mtu. Kiptanui alikuwa amezoea kungoja. Mpira ukatoka nje.

"Ndoo! Mpeni ndoo!"

Kimaiyo alianza kuvua shati ili aingie. Dalmas akamtazama Hiram. Hiram akarudi nafasi yake mchezoni.

Mpira wa pili Dalmas aliutupa vilevile. Safari hii Kiptanui alikuwa mbioni, akaupitia kama yule fayaman. Kikapu. Baada ya hapo kila mtu alikimbia, kwa sababu ukikimbia unapata. Hata mimi nilikimbia, nami sikupewa sana. Askari walikuwa na nguvu kutushinda, ila kila wakigeuka kumtafuta mwenye mpira, ulishaondoka.

Tuliwapita kwa kikapu kimoja. Watu wakiondoka, mmoja aliuliza, "Kwani Odero leo hakucheza?"

Hiram akamjibu, "Alicheza." Kisha akamgeukia Kimaiyo. "Vaa shati, ulete maji."

Dalmas hakutishiwa ndoo tena mpaka alipohamishiwa stesheni nyingine.

Nilipofika nyumbani nilimwambia Naliaka. Akauliza kama nimekula.

Mwaka jana nilimzika Naliaka, shambani kwetu Kabazi. Dalmas alikuja na fimbo, mzee kama mimi. Wengine walisema mengi. Yeye alikaa karibu nami, akasema tu, "Huyu mama ndiye aliniepusha na ndoo."

Nikamwambia ndiyo. Tukakaa.