Pointi Elfu Sitini za Usingizi

Chumba kilikuwa hakijawa tayari. Msichana wa mapokezi alimweleza Moraa hivyo kwa upole, akaongeza kwamba wageni huingia saa tisa alasiri, na wakati huo ilikuwa saa nane na nusu. Moraa alisema hapana shida, angesubiri. Hakuwa amefumba jicho tangu Ijumaa saa kumi jioni, na nusu saa zaidi hakuiona kuwa kitu cha kugombania.

Alikaa kwenye kiti cha ngozi karibu na dirisha, begi dogo miguuni. Nje, barabara ya King ilikuwa na mvua nyembamba ya Novemba na tramu mbili zilizofuatana. Ndani kulinukia kahawa na maua ambayo hakuyajua jina. Watu walipita wakivuta masanduku ya magurudumu, wakiongea kwa sauti ya chini kama waliomo maktabani. Hakuna aliyemjua. Alikaa akiwatazama, na ilimchukua dakika kadhaa kutambua kwamba hilo ndilo lililokuwa likimtuliza.

Moraa ana miaka hamsini na mmoja. Ni muuguzi wa zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee huko Etobicoke, magharibi mwa Toronto, kazi aliyoianza miaka kumi na mmoja iliyopita kwa ahadi kwamba baada ya miezi sita angehamishiwa mchana. Akitoka saa moja asubuhi hupanda mabasi mawili hadi Dixon, kwenye ghorofa ya kumi na moja, ambako ndege zinazotua uwanja wa Pearson hupita karibu na dirisha la jikoni. Ndege amezizoea. Asichokizoea ni simu. Kwa watu wote anaowajua, mchana ni wakati wa watu kuwa macho, na Moraa yuko nyumbani, kwa hiyo Moraa anapigiwa. Hulala kwa saa mbili, huamka, hujibu, hulala saa moja na nusu nyingine ikibahatika. Siku za kwaya ya kanisa kufanyia mazoezi sebuleni kwake, halali hata hizo.

Simu nyingi ni za kamati ya misiba. Mkenya mwenzao akifariki Toronto, mwili lazima urudi Kenya, na shirika la ndege halisafirishi jeneza kwa ahadi. Michango huja polepole, kidogo leo na kidogo wiki ijayo. Kwa hiyo miaka minne iliyopita kamati iliamua kwamba kadi ya Moraa, ambaye hajawahi kuchelewa kulipa hata mwezi mmoja, itangulie kulipa, kisha watu wamrudishie. Wamekuwa wakimrudishia. Kadi yake imewapeleka nyumbani watu watano.

Aliyegundua habari ya pointi ni bintiye, Valerie, anayesoma chuo kikuu. Alikuwa akimsaidia mama yake kubadilisha nywila ya benki, mara akapiga yowe la Kiingereza. Kadi ile, alieleza, humwekea mwenyewe pointi kwa kila anachonunua, na za Moraa zilikuwa elfu sitini na mbili. Zingetosha usiku mmoja katika hoteli ya kifahari katikati ya jiji, bure.

"Kufanya nini huko?" Moraa aliuliza.

Valerie alitaja bwawa la kuogelea, mkahawa, mtu wa kukukanda mgongo.

"Naweza kulala tu?"

"Ukitaka, mama. Lakini hiyo ni kupoteza pointi."

Alizipoteza siku hiyohiyo, kwa usiku wa Jumamosi, na Valerie akamwonya kwamba zikishatumika hazirudi.

Jumatano alimwambia mumewe. Kangethe alikuwa ameketi mlangoni akifunga buti za kazini, anakopakia mizigo kwenye ghala la Malton. "Jumamosi nitalala hotelini," Moraa alisema. "Mjini."

Kamba ya buti ilisimama mkononi. "Na nani?"

"Peke yangu."

"Sawa," alisema Kangethe, akaenda kazini.

Moraa aliichukua sawa hiyo kama ilivyotamkwa, na hapo ndipo alipokosea. Katika watu wao hapo Dixon hakuna mke aliyewahi kulala hotelini katika mji anamoishi, isipokuwa yule aliyekuwa anaondoka. Wote wanalijua hilo, na Moraa pia angelikumbuka kama angekuwa amelala vya kutosha. Badala yake aliandika jina la hoteli kwenye karatasi, akaibandika kwenye friji ili Valerie asihangaike, akaona amemaliza.

Saa tisa kasoro dakika tano chumba kikawa tayari. Mzee mmoja mwembamba mwenye koti la kijivu alikuja kumchukulia begi. Kwenye kibandiko cha kifuani paliandikwa Jovito, na chini yake, kwa herufi ndogo, Nairobi.

"Nairobi gani?" Moraa alimuuliza kwa Kiswahili ndani ya lifti.

Mzee alicheka kabla ya kujibu. "Pangani, mama. Tulikuwa Wagoa wengi pale. Niliondoka sabini na mbili, na Kiswahili changu kilibaki cha mwaka huo. Utanisamehe."

"Ni kizuri kuliko cha binti yangu."

"Umekuja kutembea?"

"Nimekuja kulala."

Jovito alimtazama usoni, kisha miguuni, kwenye viatu vyeupe vya kazi ambavyo hakuwa na nguvu ya kuvibadilisha. Alipofungua chumba cha ghorofa ya kumi na nane hakumwonyesha bwawa liko wapi wala kifungua kinywa huanza saa ngapi. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akavuta pazia zito la ndani, na chumba kikawa giza tupu. "Hii ndiyo inayofanya kazi," alisema, akatoka.

Moraa alikagua kitanda kwa mazoea, kona nne za shuka, akaona kimetandikwa na mtu anayejua. Alizima simu. Alikunja nguo zake juu ya kiti, akavaa gauni la kulalia, akaingia. Mto ulikuwa na ubaridi. Hapakuwa na mlango wa jirani uliogongwa, wala sauti ya alto ikitafuta noti. Usingizi ulimjia kuanzia miguuni, taratibu, akausikia ukifika magotini.

Simu ya chumbani ililia saa kumi na dakika kumi.

"Mama, samahani sana," ilikuwa sauti ya Jovito. "Hapa chini pana watu wako. Nimewaambia umelala. Wanasema wao ni wasimamizi."

Kwa Wakenya wa Toronto, wasimamizi wa harusi hawamalizi kazi yao siku ya harusi. Ndoa ikitikisika huitwa wao kwanza, kabla ya mchungaji na kabla ya wakili. Wa kwao walikuwa Mutuma na mkewe Nyanchama, waliosimama nao miaka ishirini na miwili iliyopita. Moraa aliwakuta wameketi bega kwa bega kwenye kochi la mapokezi. Mutuma alikuwa amevaa suti na tai, Nyanchama gauni la kitenge la Jumapili. Mezani mbele yao, kando ya chombo cha maua, walikuwa wameweka thamosi ya chai na bakuli la mandazi.

"Mama Valerie," alianza Mutuma kwa sauti ya kikao. "Tumekuja kwa amani."

"Karibuni, Baba Jason. Kuna nini?"

"Hilo ndilo tumekuja kukuuliza wewe."

"Nilikuwa nimelala."

"Saa kumi?" Nyanchama alisema. "Moraa, mimi si mtoto."

"Natoka zamu ya usiku, dada. Nimekuja hapa nilale."

"Kwako hakuna kitanda?"

"Kitanda kipo. Usingizi ndio haupo."

"Na nani hapa Kanada ana usingizi? Sisi sote hatulali. Umeona nani mwingine akikimbilia hoteli?"

Mutuma aliinua kiganja ili kikao kirudi kwenye mstari. Alitazama dari, taa, sakafu ya marumaru. "Mahali kama hapa hapalaliwi bure. Nakuuliza kama kaka. Nani analipa?"

"Hakuna anayelipa. Ni pointi."

"Pointi za nini?"

"Za kadi. Ukinunua kitu wanakuwekea pointi."

"Mimi nimenunua vitu nchi hii miaka ishirini na sita. Hawajaniwekea kitu."

"Wewe unalipa keshi, Baba Jason."

Nyanchama alikohoa, na kile kikohozi kilikuwa karibu sana na kicheko. Mutuma aliendelea. "Kadi hiyo ndiyo ile ya kamati?"

"Ni kadi yangu. Ndiyo iliyotangulia kwenye misiba yote mitano."

Mutuma alipanga hesabu yake kwa vidole. "Kwa hiyo hapa tumekalishwa na marehemu."

"Sehemu yake. Nyingine ni unga na sabuni."

"Basi wamekupa mahali pazuri, Mungu awarehemu," alisema Mutuma, na kwa mara ya kwanza alilegeza tai. Lakini hakuwa amekuja kushindwa. "Mwenzako anaumia. Amenipigia simu saa nne asubuhi, mwanamume mzima, anasema, nimemkosea nini, mimi sijui. Ameshindwa hata kula."

"Yuko wapi?"

"Anazunguka na gari. Hapa wanataka dola hamsini za kuegesha."

"Tangu saa ngapi?"

"Hii itakuwa raundi ya saba."

Moraa aligeuka dirishani. Baada ya muda Toyota yao ya kijivu ilipita polepole kwenye mvua, Kangethe akiwa amenyoosha shingo kutazama milango ya hoteli, na gari la nyuma likimpigia honi. Alijisikia vibaya. Pia alijisikia kwamba akikaa pale dakika kumi zaidi angelia, na akilia, kikao kingeendelea hadi jioni, kwa sababu machozi yangekuwa ushahidi.

"Sijamwacha," alisema. "Sina ugomvi naye. Nataka kulala. Sijui niseme kwa lugha gani nyingine."

Wasimamizi walitazamana. Kisha Nyanchama alisimama na kuvuta kitenge chake kikae sawa. "Naomba kutumia choo," alisema. "Cha huko juu kwako."

Lilikuwa ombi ambalo mke asiye na la kuficha hawezi kulikataa. Walipanda kwa lifti. Nyanchama aliwasha taa zote. Aliingia bafuni, akavuta pazia la kuogea, akalirudisha. Alifungua kabati. Aliinama kidogo, kama aliyeangusha kitu, akatazama chini ya kitanda.

"Unamtafuta nani?" Moraa aliuliza kutoka mlangoni.

"Natafuta taulo. Nimenawa mikono."

"Taulo haziko chini ya kitanda."

Nyanchama alikuwa akitazama godoro, ambako palikuwa na alama ya mtu mmoja tu, upande mmoja, na mto mmoja ulioguswa. Aliketi pembeni mwa kitanda. Alibonyeza kwa kiganja, mara moja, mara mbili.

"Hiki," alisema.

"Eeh."

"Nilitoka kazini saa mbili asubuhi. Yule bibi ninayemtunza wikendi ameacha kulala, anatembea nyumba nzima akitafuta mume aliyezikwa zamani. Baba Jason alipopigiwa simu nilikuwa nimelala dakika ishirini." Alivua kiatu kimoja, akakiangalia, akavua cha pili. "Ninyooshe mgongo tu. Dakika mbili. Kisha tushuke tumwambie mzee hakuna kitu."

"Dakika mbili," alisema Moraa.

Nyanchama alijilaza katikati kabisa ya kitanda, kitenge, mkufu na kila kitu. Alisema jambo kuhusu mto, hakulimaliza. Moraa alihesabu pumzi zake kama anavyofanya kazini, na kwenye ya kumi na nne alijua kwamba huyo harudi leo.

Alisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kitanda kilikuwa chake. Alikipata kwa miaka minne, kwa unga na kwa majeneza, na sasa kilikuwa na mtu. Angeweza kumwamsha. Alimwinamia ili amwamshe, akauona uso wake, mdomo wazi, nyusi bado zimekunjwa kama za mtu anayesikiliza hatua za bibi kizee chumba cha pili. Hakumwamsha. Alizima taa moja baada ya nyingine, akainua simu.

"Mzee Jovito, yule bwana mwenye tai bado yupo?"

"Yupo, mama. Amenimiminia chai. Chai nzuri sana. Ananiuliza habari za pointi."

"Mwambie mkewe amelala."

"Amelala huko?"

"Amelala. Mwambie asimsubiri. Waende nyumbani."

"Na yule wa gari?"

Moraa alifikiri. Maneno marefu hakuwa nayo. "Mwambie sijaondoka, na hajanikosea kitu. Mwambie nitarudi kesho saa sita mchana, na kuna ndengu kwenye friji, apashe moto ale."

"Nitatoka nje nimsimamishe mwenyewe," alisema Jovito. "Simu nyingine yoyote nitakuambia kesho."

Alikata. Alilifunga pazia pale lilipokuwa limeacha upenyo, na giza likarudi. Kisha akapiga goti moja juu ya godoro, akapitisha mkono mmoja chini ya bega la Nyanchama na mwingine chini ya nyonga, kama anavyowasogeza wazee wake wasishtuke, akahesabu moja, mbili, tatu bila sauti, akamvuta upande wa ukutani. Nyanchama alikoroma, akatulia. Moraa alimfunika hadi begani. Alizunguka kitanda kwa kupapasa, akaingia upande wake, akampa mgongo.