Puto la Hidrojeni Kwenye Posa ya Mwanahawa

Aibu hii nimeificha miaka mingi, lakini kwa kuwa nyie ni watu wangu na chai bado ipo, sikilizeni. Mimi, mwalimu wa kemia, nilikwenda kujiposea mwenyewe. (Ndiyo, mwenyewe. Mama hakula siku mbili.)

Ilikuwa miaka ile mitumba imeruhusiwa, nami nimepata nafasi ya kusoma ng'ambo, nikataka kumuoa Mwanahawa wa Makorora kabla sijaondoka. Mshenga wangu, Mjomba Hamza, alikwenda akarudi na swali: baba wa binti, Mzee Bakari, anataka kujua naenda kusomea nini hasa. Nikamweleza mjomba habari za parahidrojeni, aina fulani ya gesi ya hidrojeni, akaniangalia weee, akasema, "Hayo kayaseme mwenyewe."

Basi nikaona nikienda mikono mitupu sitaeleweka, nikajaza puto kwa hidrojeni ya maabara ya shule, nikavaa koti langu la mtumba, huyoo mpaka sebuleni kwa watu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Na hilo la nini?"

Nikamwaga somo: humu mna chembe mbili mbili zilizopeana mgongo, kila moja inaizima nyingine, mashine ya sumaku ya kupimia mwili haisikii kitu, lakini ukizipachika kwenye kemikali ambazo mwili unatengeneza kutokana na chakula, ule mnong'ono wa kemikali unakuwa kelele, na siku moja daktari atajua ini la mtu linafanya nini bila kumpasua. Mzee akavutiwa, akasogea, akalishika puto kabisa (nami kichwa kimevimba), ndipo shangazi wa binti akaingia na chetezo kutufukiza udi, kama wageni wanavyofanyiwa.

Nikasema, "Shangazi, moto..." Puu!

Tulipofumbua macho, nusu ya ndevu za Mzee Bakari haikuwepo. Halafu nyuma ya pazia Mwanahawa akaangua kicheko, akacheka mpaka akapaliwa. Nikajua nimekwisha.

Mzee akapapasa kidevu. "Mwari akinyamaza, ameridhia. Akicheka, pia ameridhia," alisema. "Nimekubali. Ila ndoa haifungwi mpaka ndevu zangu zirudi. Sikai mbele ya kadhi namna hii."

Safari ilibakiza wiki tatu. Jamani, ya mshenga mwachieni mshenga. Mimi nilipanda ndege kapera, na mwaka mzima kwenye baridi ile nikawa namwandikia mkwe barua, kuulizia hali ya kidevu.